Miligramu Mbili na Nusu

Jumatatu, 7 Aprili
Bi Nukta ameteleza kwenye varanda ya ofisi asubuhi, mvua ilikuwa imeingia mpaka ndani, na mguu umevunjika mahali pawili. Ndiye mwalimu wetu wa sayansi. Jina hilo alipewa na wanafunzi kwa sababu akikuta nukta ya desimali imekaa pasipo pake hufuta hesabu nzima na kukurudisha mwanzo. Atakaa nyumbani muhula wote.

Saa nne Mkuu wa shule akaniita ofisini. Mimi ni mtunza maabara. Kazi yangu ni kuosha vyombo, kuchanganya dawa za majaribio kwa kufuata daftari la Bi Nukta, na kufunga milango.

"Miaka sita umekaa humo ndani," Mkuu akasema. "Usiniambie ulikuwa unaosha bika tu."

Nikamwambia sina cheti cha ualimu. Akasema anajua, na ndiyo maana hatanilipa kama mwalimu. Kisha akasema neno ambalo nimelisubiri miaka minne: muhula ukiisha salama, ataniandikia barua ya kwenda chuo cha ualimu.

Paa la maabara linavuja juu ya meza ya tatu. Nimeweka bika chini ya tundu. Mpaka jioni, mililita 310.

Jumanne, 8 Aprili
Mililita 265. Nimefua shati jeupe.

Alhamisi, 10 Aprili
Kipindi cha kwanza. Wanafunzi arobaini na wawili, na mada ni vipimo: kubadili kipimo kimoja kuwa kingine. Nilishukuru moyoni, maana hiyo ndiyo mada ninayoiweza nikiwa nimefumba macho. Ukutani, kando ya ubao, kuna ngazi ya rangi ya bluu yenye vipandio vinane. Juu kabisa kilo, kisha hekto, deka, kipimo chenyewe (mita, gramu au lita), halafu desi, senti, mili, na chini kabisa maikro. Niliichora mwenyewe nikiwa kidato cha pili hapahapa, Bi Nukta alinichagua kwa mwandiko wangu mzuri. Ukishuka kipandio kimoja, sogeza nukta mara moja kwenda kulia. Ukipanda, kushoto. Basi. Hakuna cha kuumiza kichwa.

Dakika kumi darasa zima lilikuwa linapanda na kushuka. Kilomita tatu ni mita ngapi? Vipandio vitatu, elfu tatu. Raha iliyoje kusikia watu arobaini wanajibu kwa mpigo mmoja.

Mmoja tu hakujibu. Msichana wa meza ya nne, mwembamba, anaandika amejikunyata kana kwamba kuna mtu atamwibia. Nilipopita nikakuta anachora viboksi.

"Hivi ni nini?"

"Nagawa kilomita, Mwalimu. Nataka kuona zile elfu zinatoka wapi."

"Zinatoka kwenye ngazi."

"Na ngazi ilizitoa wapi?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akaniambia, "Mzoee, Mwalimu. Huyo tunamwita Wakili."

Jumatatu, 14 Aprili
Mililita 420. Nimegundua wananiita Mwalimu Bika. Si mbaya.

Jumatano, 16 Aprili
Leo tumeshuka mpaka chini kabisa. Maikrogramu, maikrolita, maikromita. Nikawaambia haya ndiyo mambo ya wenye hadubini na wauza dawa, mkiyajua haya mmekwisha kuwa wanasayansi. Mili kwenda maikro, kipandio kimoja, nukta mara moja. Wakaimba.

Wakili alinyanyua mkono, nikajifanya sijauona. Ana akili, sikatai, lakini kila jambo lazima aligeuze chini juu kama mtu anayenunua nyanya. Wenzake wanamaliza maswali kumi, yeye yuko la tatu. Mtu wa namna hiyo mtihani utamwacha kituoni.

Nyumbani nilimsimulia dada. Ninaishi kwake, mumewe ni dereva wa masafa marefu na kwa sasa hayupo, na dada ana ujauzito wa miezi mitatu unaomfanya achukie harufu ya kila kitu, pamoja na mimi. Akasema, "Nawe ulikuwa hivyohivyo, ukiuliza uliza mpaka mama anakutuma dukani." Mimi sikumbuki.

Ijumaa, 25 Aprili
Jaribio la vipimo limefanyika. Maswali ishirini, alama tano kila moja. Huu si mchezo: kwa utaratibu wa shule, atakayepata chini ya sitini anaondolewa mkondo wa sayansi na kupelekwa biashara, na harudi tena. Orodha inaandaliwa na mwalimu wa somo. Yaani mimi.

Mililita 380, na tundu la pili limefunguka juu ya kabati.

Jumatatu, 28 Aprili
Siku mbaya. Naandika ili nitulie.

Nilirudisha karatasi. Darasa limefanya vizuri kuliko nilivyotarajia, wamefeli watatu tu, na wa tatu ni Wakili. Hamsini na tano. Maswali mawili ya mwisho hakuyagusa kabisa, kama nilivyotabiri. Na maswali matatu ya maikro aliyakosa yote, yale ambayo darasa zima limeyapata.

Akasimama na karatasi yake.

"Mwalimu, swali la saba. Miligramu mbili na nusu ni maikrogramu ngapi. Nimeandika elfu mbili na mia tano."

"Na jibu ni ishirini na tano. Wenzako wote wameandika ishirini na tano."

"Kilo moja ni gramu elfu. Gramu moja ni mili elfu. Sasa kwa nini mili moja iwe maikro kumi?"

"Kwa sababu ngazi ni kipandio kimoja. Hesabu mwenyewe."

Akaitazama ngazi kwa muda mrefu. Nikadhani yamekwisha. Kumbe alikuwa anatafuta pengine pa kupigia.

"Basi swali la kumi na sita. Unywele una unene wa maikromita themanini. Mimi nimesema ni chini ya milimita moja. Wewe umesema ni milimita nane." Akanyofoa unywele kichwani kwake, akaunyoosha kwa vidole viwili. Kwenye rula akaonyesha milimita nane, upana wa kidole changu kidogo. "Huo si unywele, Mwalimu. Hiyo ni kamba ya kufungia ng'ombe."

Darasa likalipuka. Hata mwanafunzi mmoja mpole wa meza ya kwanza alilaza kichwa kwenye meza kwa kicheko. Masikio yakanichoma. Nilimwona Mkuu anapita dirishani, akasimama, akatazama.

Nikasema, "Swali ni swali. Usituletee nywele zako hapa." Kisha nikamwambia atoke nje. Akatoka, mvua ikiwa inanyesha, akasimama varandani mpaka kengele.

Jumanne, 29 Aprili
Nilimwagiza Wakili aandike mara kumi: miligramu moja ni maikrogramu kumi. Ameandika jina lake juu ya karatasi, na chini ameacha wazi. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Siwezi kuandika kitu nisichokiona, Mwalimu. Ukinionyesha, nitaandika mara mia."

Mkuu anasema utovu wa nidhamu wa namna hii ukiachwa unaenea kama mba.

Ijumaa, 2 Mei
Nimetia saini orodha. Majina matatu. Mkuu akaisoma, akanipiga bega. "Umeanza kuwa mwalimu," akasema.

Mililita 510, bika ilijaa na kumwagika.

Jumatatu, 5 Mei
Nafasi ya meza ya nne iko wazi. Kipindi kilikwenda kama maji kwenye mfereji, hakuna aliyeuliza kitu. Nikiwa mkweli, nilipumua.

Alhamisi, 8 Mei
Mwalimu wa biashara anasema Wakili hajafika darasani kwake hata siku moja. Nikasema labda anaumwa.

Jumatano, 14 Mei
Dada alikwenda kliniki leo kuchukua vidonge vya foliki, vile wanavyopewa wajawazito kwa ajili ya uti wa mgongo wa mtoto. Safari hii wamempa boksi la aina nyingine. Akaja nayo yote mawili mpaka mezani ninaposahihisha.

"Wewe mwalimu wa vipimo, hebu niangalizie. La zamani limeandikwa 0.4 mg. Hili jipya limeandikwa 400 mcg. Mbona namba imepanda hivi? Nimeogopa kumeza."

Nikamwambia mcg ni maikrogramu. Nikahesabu mbele yake, kipandio kimoja: miligramu 0.4 ni maikrogramu nne. Nne. Na hawa wamempa mia nne. Mara mia moja.

Nikamwambia asiguse kidonge hata kimoja, na kesho asubuhi naenda mwenyewe kuwauliza kama wanataka kumuua mtoto wa dada yangu. Dada alijishika tumbo. Nilijiona mtu wa maana sana wakati ule. Nataka niliandike hilo pia.

Alhamisi, 15 Mei
Nimekwenda.

Dirisha la dawa la kituo cha afya lina foleni ndefu asubuhi, akina mama na watoto, wazee wa presha, wote wamejibana chini ya paa kwa ajili ya mvua. Sikupanga foleni. Niliweka maboksi mawili kwenye kizingiti cha dirisha na kusema kwa sauti ya darasani, ili kila mtu asikie, kwamba jana mjamzito amepewa dawa mara mia ya kipimo chake.

Mfamasia ni mama mnene mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba. Hakupandisha sauti.

"Nani amesema mara mia?"

"Nimehesabu mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa sayansi."

"Hebu nihesabie na mimi."

Nikamhesabia. Mili kwenda maikro, nukta mara moja. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavaa miwani, akaligeuza lile boksi jipya upande wa ubavuni ambao mimi sikuutazama, akaniwekea kidole. Maandishi madogo: kila kidonge, 400 mcg (0.4 mg). Yameandikwa yote mawili, kwa mabano, na kiwanda chenyewe.

"Mili moja ni maikro elfu, mwalimu," akasema. "Si kumi. Vidonge ni vilevile."

Nikasema labda wamekosea kuchapa. Ndiyo, nilisema hivyo. Mtu akiwa anazama hushika hata povu.

Akanitazama, na nadhani hapo ndipo aliponihurumia, maana alishusha sauti zaidi. "Kila siku nakaa hapa nawapimia watoto wachanga dawa ya matone. Nikihesabu kama wewe, nitampa mtoto mara mia ya anachohitaji au nitamnyima kabisa. Nani alikufundisha?"

Mama mmoja nyuma yangu mwenye mtoto mgongoni akauliza, "Huyu anafundisha watoto wetu?" Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

Nilirudi kwa miguu huku mvua inaninyeshea. Njiani nilifikiria mambo mengi, lakini lililonikaa ni ule unywele. Nilijua unywele hauna unene wa milimita nane. Kila mtu mwenye kichwa anajua. Nilikuwa nimelitunga swali lile mwenyewe, nimelisahihisha mara arobaini na mbili, na mara arobaini na moja nikaweka alama ya vema kwa unywele mnene kama kidole. Kisha akatokea mmoja akanionyesha, nami nikamtoa nje.

Dada amemeza kidonge chake. Nilimwambia nilikosea. Akasema, "Bora umekosea kwangu."

Ijumaa, 16 Mei
Baada ya vipindi nilikwenda kumwona Bi Nukta. Amekaa kitini, mguu wenye plasta juu ya stuli, anasahihisha magazeti kwa kalamu nyekundu. Nilimpa shikamoo na mfuko wa machungwa, nikamuuliza bila kuzunguka: mili na maikro, kati yake kuna nini?

"Elfu," akasema. "Kuna vipandio viwili vitupu pale katikati, havina majina. Lazima uviruke."

"Ukutani havipo."

Akaweka kalamu chini. "Havipo kwa sababu wewe hukuviweka. Nilikwambia uviache wazi. Ulipofika chini ukasema, mwalimu, meza ya saruji imeziba, ukuta umeisha. Nikaona kukufutisha ngazi nzima kwa ajili ya vipandio viwili ni kukuonea. Nikasema, basi, kipandio cha maikro kibandike hapohapo, mimi nitalisema kwa mdomo. Na kila mwaka nalisema."

"Mimi sikulisikia."

"Ulikuwa nje unaosha brashi."

Nilikumbuka brashi. Nilikumbuka mpaka baridi ya bomba. Nilitoka nje na rangi vidoleni, nikarudi darasani kengele imekwisha kulia. Miaka kumi na moja nimetembea na kipandio kile kichwani, na hakuna siku kazi yangu iliyonidai nikitumie, maana dawa zote nazichanganya kwa gramu na lita kama zilivyo katika daftari lake.

Bi Nukta hakunifariji. Alisema kosa la kutoviandika vipandio hivyo ni lake na atalibeba. "Lakini ukuta haukumtoa mtoto nje kwenye mvua," akasema. Kumbe habari zilikwisha kumfikia.

Jumamosi, 17 Mei
Nimekaa na karatasi za jaribio. Wakili: hamsini na tano, jumlisha kumi na tano. Sabini.

Jumapili, 18 Mei
Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Mfamasia hajui shule yangu. Bi Nukta hatasema, ataniachia mwenyewe. Wiki tatu zimebaki, barua ya chuo iko mdomoni mwa Mkuu. Nimeandika haya ili niyaone yalivyo yakiwa kwenye karatasi. Ni mabaya zaidi kuliko yalivyokuwa kichwani.

Jumatatu, 19 Mei
Nimemwambia Mkuu. Alinisikiliza huku anapangapanga faili ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

"Unaelewa unachoniomba?" akasema. "Niwaandikie wazazi kwamba mwalimu niliyemweka mimi alifundisha uongo mwezi mzima?"

"Naomba msichana arudishwe. Sababu niandike mimi."

"Na wale waliopata kwa majibu ya uongo? Nao tuwafelishe?"

"Wao walijibu nilichowafundisha. Alama zao zibaki. Kosa ni langu."

Mwishowe akasema msichana arudi, kama yuko tayari kurudi. Nami nitaendelea mpaka muhula uishe kwa sababu hana mtu mwingine. "Ile habari ya chuo," akaongeza, "mwaka huu tusiizungumze."

Nikasema sawa. Nilipofika maabara nilifunga mlango nikalia kidogo. Si sana. Niliwahi kengele.

Jumanne, 20 Mei
Nimewaambia wanafunzi. Niliogopa watanicheka, hawakucheka. Walifungua madaftari na kufuta, na sauti ya vifutio arobaini ni kitu nisichotaka kukisikia tena. Kijana mmoja akauliza, "Kwa hiyo na Wakili alikuwa sahihi?" Nikasema alikuwa sahihi toka siku ya kwanza.

Mililita 90. Mvua inapungua.

Jumatano, 21 Mei
Mama yake Wakili ni fundi cherehani. Ana chumba kimoja kinachotazama barabara, cherehani mbili, na sare za shule nyingine zimening'inia mpaka darini. Wakili alikuwa amekaa kwenye kigoda anashona vifungo. Aliponiona akasimama, akanipa shikamoo kwa adabu yote, akabaki amesimama.

Mama hakusimamisha cherehani mara moja. Alimaliza kwanza mshono wake.

"Mwalimu," akasema, "mtoto wangu nimemuuliza umekosa nini, akasema, mama, sijui. Siku tano alirudia hesabu zile kwenye karatasi zangu za kukatia, akitafuta alipokosea. Asipoona kosa, anaanza upya. Siku ya sita akaziviringisha zote akazitupa jalalani, akaniambia, kumbe mimi ni mjinga, nipe vifungo."

Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani. Yote yalipotea. Nikamgeukia msichana nikamuuliza lile swali, kwa sababu nilitaka alijibu mbele ya mama yake nami niseme ndiyo.

"Miligramu mbili na nusu ni maikrogramu ngapi?"

"Ishirini na tano, Mwalimu," akasema.

Hakufikiri hata kidogo. Alilisema kama wanavyolisema wengine, kwa ule mpigo mmoja ambao siku ya kwanza ulinipa raha.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia ni elfu mbili na mia tano, kama alivyoandika, na kwamba aliyekosa ni mimi, na nimekuja kumwomba radhi na kumrudisha darasani. Nilimweleza habari ya ngazi, ya ukuta, ya brashi, ya maboksi ya dada. Nilisema mengi. Mama aliacha kazi akasikiliza.

Msichana alipitisha uzi kwenye tundu la sindano. "Sawa," akasema.

"Sawa nini?"

"Ukisema elfu, ni elfu."

"Hutaki nikuonyeshe kwa nini?"

"Hapana, Mwalimu. Naamini."

Nimekaa na sentensi hiyo tangu mchana. Mwezi mzima nilimtaka aiseme. Nilimtoa nje aiseme, nikatia saini aiseme. Na leo amenipa, na sijawahi kupewa kitu kikaniuma namna ile. Alama nitaweza kuzirudisha, nimekwisha kuzirudisha. Hili jingine sijui linarudishwaje.

Mama alinisindikiza mpaka mlangoni. Akasema Jumatatu atamleta. Kisha akasema, "Alikuwa anaongea sana huyu, Mwalimu. Mpaka nilikuwa namwambia anyamaze nihesabu mishono."

Jumatatu, 26 Mei
Amekuja. Amekaa meza ya nne. Anaandika kila ninachoandika.

Jumatano, 28 Mei
Nimewauliza mara tatu kama kuna swali. Nilimtazama yeye mara zote tatu, nikaona namtisha, nikaacha.

Ijumaa, 30 Mei
Leo amemaliza maswali kumi kabla ya wengine. Yote sahihi. Hakuna boksi hata moja pembeni ya ukurasa.

Jumanne, 3 Juni
Paa kavu. Nimeondoa bika. Dada anasema mtoto ameanza kucheza, kama kipepeo, na kwamba harufu yangu sasa inavumilika.

Jumatano, 4 Juni
Mada ya mwisho ya muhula: eneo. Nilijiandaa jana, lakini nilijiandaa kwa haraka, na hilo lazima niliseme kwa sababu kilichotokea sikukipanga. Laiti ningekuwa mwerevu kiasi cha kukipanga.

Nikaandika ubaoni: mita moja ya mraba ni sentimita za mraba ngapi? Nikasema mita kwenda senti, vipandio viwili, nukta mara mbili. Nikaandika mia moja. Nikapiga mstari chini yake. Nyuma yangu nikasikia kalamu arobaini zinaandika mia moja.

Nilipogeuka, zote zilikuwa zinakwenda isipokuwa moja. Wakili alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi, haijagusa. Anautazama ubao. Kisha akanitazama mimi, kidogo tu, akainamisha kichwa, na mkono ukaanza kushuka kuandika.

"Subiri," nikasema.

Akaganda.

"Usiandike. Nimekosea wapi?"

"Sijasema kitu, Mwalimu."

"Najua hujasema. Nakuuliza. Sijui nimekosea wapi, na wewe unajua."

Nilikuwa naogopa, nami sikujali kama wanaona. Nilishuka kwenye jukwaa, nikaweka chaki kwenye ukingo wa meza yake, nikaenda kukaa kwenye benchi kando ya yule mpole wa meza ya kwanza, aliyenisogezea nafasi.

Alikaa muda mrefu mno. Nilianza kudhani nimemwaibisha tena. Kisha kiti kikasuguana na sakafu.

Ubaoni hakuandika namba. Alichora boksi moja kubwa. Juu yake akaandika sentimita mia, na ubavuni akaandika sentimita mia. Akaanza kuchora mistari ya kushuka, midogo midogo, mpaka mtu wa nyuma akaguna. Akageuka.

"Zote mia siwezi kuzichora," akasema, na sauti yake ilikwaruza kama bomba lisilofunguliwa siku nyingi. "Lakini tazameni. Mia ni safu hii ya kwanza tu. Mwalimu amehesabu safu moja akaziacha tisini na tisa."

"Kwa hiyo jibu langu si kweli?" nikauliza.

"Si kweli."

"Una hakika? Nimelipigia mstari."

Akanitazama sawasawa. "Hata ukilipigia mistari miwili, Mwalimu."

Watu wakacheka, naye akasubiri wamalize, halafu akafuta mia yangu kwa kiganja cha mkono, akaandika elfu kumi, akarudi mezani kwake. Kabla hajakaa alikuwa amekwisha kunyanyua mkono.